Daraja Lililofichwa na Simba

Msomaji kijana, kitabu ninachotaka kukizungumzia hapa kiliandikwa na mjenzi wa daraja, lakini mtu akikuuliza habari zake utamjibu bila kusita ya kwamba ni kitabu cha simba. Jina lake ni The Man-Eaters of Tsavo, yaani Wala Watu wa Tsavo, na mtungaji wake ni John Henry Patterson. Kilitolewa London mwaka 1907, na tangu hapo kimepigwa chapa mara nyingi. Yamkini umekiona katika maktaba ya shule yako, au umetazama sinema iliyotokana nacho, au umesimuliwa kisa chake na mtu ambaye hakupata kukifungua.

Mimi nimekisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na umri kama wako. Nilikimaliza kwa usiku mmoja mbele ya taa ya mafuta, na kesho yake sikuweza kukumbuka hata neno moja juu ya daraja. Mara ya pili nilikisoma kwa sababu ilinipasa kukifundisha. Mara ya tatu nilikisoma kalamu mkononi, nikitia alama pembeni kila palipotajwa jiwe, chuma, kamba au mshahara, na ndipo nilipotambua ya kwamba ndani ya kitabu kikubwa cha simba kimo kitabu kidogo cha ujenzi, kimeandikwa nusu nusu, na ya kwamba hicho kidogo ndicho bora. Hiyo ndiyo hoja yangu. Najua yaweza kubishwa, hasa na kijana apendaye simba, kwa hiyo yafaa nianze na mambo yenyewe yalivyokuwa.

Patterson alizaliwa Ireland mwaka 1867, akaingia katika jeshi la Kiingereza angali kijana, akafanya kazi Bara Hindi na kujifunza Kihindustani. Tarehe 1 Machi 1898 alishuka Mombasa. Wakati huo reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ilikuwa ikielekea bara, na shabaha yake ilikuwa ziwa Victoria. Mtu aliyeisimamia kazi nzima alikuwa George Whitehouse, na Patterson alipewa sehemu moja tu ya kazi hiyo: ajenge daraja la kudumu juu ya mto Tsavo, yapata maili 132 kutoka pwani. Reli yenyewe ilikwisha kuvuka mto kwa njia ya muda, na kundi kubwa la wajenzi lilisonga mbele na kumwacha nyuma na watu wake. Fahamu neno hili, maana bila ya hilo hutaelewa kwa nini makuli wa Tsavo walikuwa wepesi kushambuliwa: walikuwa wamebaki nyuma, kambi zao zimetawanyika katika nyika, na usiku walikuwa na boma la miiba tu kati yao na giza.

Habari za simba nitazipitia upesi, kwa kuwa wajuzi wake ni wengi. Walikuwa simba dume wawili wasio na manyoya ya shingo. Waliwachukua watu mahemani kwa miezi kadhaa. Mmoja wa waliochukuliwa alikuwa jemadari Ungan Singh, mtu mwenye nguvu, aliyebebwa kutoka hemani mwake wenzake wakisikia. Patterson alitega mtego wa vyuma vya reli, akakesha juu ya miti, akakosa, akajaribu tena. Katika Desemba makuli wengi waliona yamewafika shingoni. Walilisimamisha gari la moshi kwa kulala juu ya njia yake, wakapanda, wakaenda zao pwani, na kazi ikasimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898, kutoka juu ya dungu lililotikisika kama mlevi, na wa pili tarehe 29 ya mwezi huo huo. Daraja lilimalizika Februari 1899.

Sasa tazama hesabu ya kitabu. Kina sura 27. Katika sura hizo, mbili tu zina daraja katika vichwa vyake, ya nne na ya kumi, na hata hizo zinaingiliwa mara kwa mara na wanyama. Baada ya sura ya kumi daraja limekwisha, na kinachobakia karibu chote ni safari za kuwinda: kiboko, kifaru, simba wa nyanda za Athi, na pofu wa aina mpya ambaye kwaye kitabu kinafungwa. Hata utangulizi uliandikwa na Frederick Selous, mwindaji aliyekuwa na sifa kubwa katika Afrika, naye anamsifu mwindaji mwenzake. Mtu aliyejenga aliandika kama mtu aliyewinda.

Lakini fungua sura ya nne na ya kumi uzisome polepole. Mjenzi anatuambia kwanza alivyoupima mto: alichora umbo la kingo na kitako chake, akakisia wingi wa maji wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko, kisha ndipo alipoamua nguzo ziwe wapi. Kisha anakuja kwenye shida ya mawe. Nyika ya Tsavo imejaa mawe, lakini mengi hayakufaa kuchongwa. Yalikuwa magumu mno. Alitafuta hata akakaribia kukata tamaa, na siku moja alipokuwa akiwinda ndege akaangukia korongo lenye mawe yale yale aliyoyataka. Ikambidi atandike reli ndogo ya toroli na kuweka vivuko vya muda juu ya mto ili mawe yaletwe. Hapa mwindaji na mjenzi wamekutana katika mtu mmoja, na ndiyo mara pekee ambapo uwindaji wake unaniletea furaha.

Jambo la pili ni kuyainua mawe hayo. Hakuwa na winchi. Basi alichukua vipande viwili vya reli, kila kimoja cha urefu wa futi 30, akavifunga pamoja ncha za juu, na ncha za chini akazikita katika gogo kubwa zikiachana futi kumi hivi. Kwa kamba na kapi chombo hicho kiliinama huku na huku kama mtu anayetua mzigo, na mawe mazito yakakaa mahali pake juu ya nguzo.

Jambo la tatu ndilo linalonipendeza kuliko yote. Kati ya nguzo na nguzo palikuwa na uwazi wa futi 60, na juu ya kila uwazi ilitakiwa ipitishwe mihimili ya chuma. Angeivutaje mihimili hiyo hewani, hali hana vyombo? Alichukua mataruma ya mbao, yale yanayolazwa chini ya reli, akayapanga kwa kupishana, mawili hivi na mawili hivi, kama tunavyopanga kuni, hata yakawa mnara katikati ya uwazi. Kutoka nguzo ya mawe mpaka mnara wa mataruma akalaza boriti kubwa, juu ya boriti akatandika reli, na juu ya reli mhimili ukasukumwa mpaka mahali pake, ukashushwa taratibu. Kisha mnara ukabomolewa, mataruma yakahamishiwa uwazi uliofuata. Jaribu mwenyewe kwa vijiti vya kiberiti juu ya meza, utaona jinsi akili ilivyotumika. Hakuna kitu kigeni kilicholetwa: reli zikawa winchi, mataruma yakawa nguzo, na vitu vile vile vikarudi kuwa reli na mataruma tena.

Halafu mvua zikaja. Daraja lilikuwa limekwisha tu, na mto ukafurika kwa namna ambayo wengi hawakuitazamia. Vivuko vile vya toroli viling'olewa kimoja baada ya kingine, na mabaki yake pamoja na miti na mataruma na vyuma vilivyopinda yakaja kwa kasi na kuzipiga nguzo mpya. Mjenzi alisimama akitazama. Mshindo ulitoka, maji yakagawanyika, daraja likabaki. Mimi nasema ya kwamba ukurasa huu una hofu kubwa kuliko kurasa zote za dungu na bunduki, kwa sababu mwindaji akikosa shabaha aweza kupiga tena, lakini mwenye kuhesabu maji ya mto hupewa jibu lake mara moja tu. Nasi watu wa magharibi ya Kenya twalijua hilo. Mwaka 2017, katika mwezi wa Juni, daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, kule Budalang'i, lilianguka kabla halijafunguliwa, siku chache tu baada ya kukaguliwa na rais, na wafanyakazi waliokuwa juu yake wakaumia. Mto ulikuwa haujafurika.

Basi kwa nini Patterson hakutuandikia kurasa nyingi zaidi za namna hiyo? Jibu moja ni rahisi: wanunuzi wa vitabu mjini London walitaka simba. Simlaumu mno kwa hilo. Mwandishi naye hula. Tena wako wajenzi waliofanya kazi kubwa kuliko yake na hawakupata msomaji hata mmoja. Katika sehemu ile ile ya reli iteremkayo kutoka Mau kuelekea Kisumu, yalijengwa madaraja marefu 27 ya chuma juu ya mabonde, na chuma chake kilifanyizwa Marekani na kusafirishwa baharini mpaka Mombasa. Hayo ni madaraja ishirini na saba kwa moja la Tsavo. Hakuna sinema iliyotengenezwa juu yake, na mtu apitaye chini hana kisa cha kumsimulia mwanawe, maana simba hawakuja. Msimamizi wa kutandika reli, Ronald Preston, aliifikisha Kisumu Desemba 1901, na mwisho wa reli ukaitwa Port Florence kwa jina la mkewe Florence, aliyesafiri naye miaka yote ile katika mahema. Preston naye aliandika kumbukumbu zake, nazo zina mengi ya kazi. Wangapi kati yenu mmesikia jina lake?

Lakini liko jibu jingine, na hapa ndipo ninapogombana na kitabu.

Mhandisi ni mtu wa hesabu. Patterson alipowaua simba wale aliwapima kama apimavyo mhandisi. Wa kwanza alikuwa na urefu wa futi 9 na inchi 8 kutoka puani mpaka ncha ya mkia, na kimo cha futi 3 na inchi 9. Wa pili alikuwa na urefu wa futi 9 na inchi 6, na kimo cha futi 3 na inchi 11 na nusu. Angalia hiyo nusu ya inchi. Sasa tuulize: watu waliokufa ni wangapi? Katika kitabu cha 1907 anasema ya kwamba makuli wa Kihindi waliouawa walikuwa 28, na ya kwamba zaidi yao walikuwako Waafrika, makumi kadhaa, ambao idadi yao haikuandikwa mahali popote. Anasema hivyo kwa huruma, wala sidai ya kwamba hakuwajali. Lakini anasema na kupita. Simba alipimwa hata nusu ya inchi. Mwafrika aliyeliwa hakupewa hata tarakimu.

Wala haikuishia hapo. Ngozi za simba wale Patterson aliziweka nyumbani kwake kwa muda wa miaka 25 hivi, zikikanyagwa kama mazulia, na katika mwaka 1924 aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago kwa dola 5,000. Mwaka uliofuata aliliandikia jumba hilo kitabu kidogo, na humo waliokufa wamekuwa 135. Kutoka 28 pamoja na wasiohesabiwa, tumefika 135 kwa kamili, na hatuambiwi hesabu hiyo imepatikanaje. Huenda aliwajumlisha wale Waafrika. Lakini kama alikuwa na idadi yao, mbona hakuitoa mwaka 1907? Na kama hakuwa nayo, aliipata wapi miaka 18 baadaye, akiwa mbali na Tsavo, na makuli wale wamekwisha kutawanyika?

Miaka mingi ilipita, na simba waliojazwa wakasimama Chicago nyuma ya kioo. Mwaka 2009 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi ambao naona inafaa kila mwanafunzi wa sayansi aujue. Chakula anachokula mnyama huacha alama yake katika mwili; nyama ya swala na nyama ya mtu hazina alama moja, kwa kuwa swala na mtu hawali vitu vya namna moja. Katika mifupa alama hiyo hukaa kwa miaka mingi, na katika manyoya hukaa ya miezi ya mwisho ya maisha. Wataalamu hao walipima manyoya na mifupa ya simba wale wawili, wakalinganisha na wanyama wa nyika na watu wa nchi ile, wakakisia ya kwamba watu walioliwa walikuwa yapata 35, na ya kwamba mmoja wa simba aliwala wengi zaidi ya mwenzake. Ni makisio, na wenyewe walisema idadi yaweza kupungua au kuzidi. Hesabu hii ni ya walioliwa, na mtu aweza kuuawa asiliwe. Lakini ni jambo la ajabu, na kwangu la kusikitisha kidogo, ya kwamba unywele wa simba umetunza daftari ambayo wenye reli hawakuitunza.

Reli nzima ya Uganda ilileta watu karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, na kati yao karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa maradhi na ajali. Weka 28 kando ya 2,500 utaona simba wana sehemu ndogo kiasi gani katika msiba wa reli ile. Homa haina manyoya ya kupimwa, wala hakuna jumba la makumbusho linaloinunua, kwa hiyo haikupata kitabu.

Sitaki udhani ya kwamba Patterson hakuwaona watu wake. Katika sura ya tano anaeleza ugomvi wake na waashi, na sura hiyo ina thamani kubwa kuliko alivyokusudia mwenyewe. Mwashi alilipwa rupia 45 kwa mwezi, na kuli wa kawaida rupia 12. Watu wengi, basi, walijiandikisha kuwa waashi ijapokuwa hawakupata kulichonga jiwe hata siku moja. Patterson aligundua, akaamuru kila mtu alipwe kwa kadiri ya mawe aliyoyachonga. Waashi wa kweli hawakupoteza kitu, waashi wa bandia wakapoteza sana, na kundi la hao wa pili likafanya shauri la kumwua katika machimbo ya mawe mwezi wa Septemba. Alikwenda huko peke yake, akapanda juu ya jiwe, akawahutubia kwa lugha yao, akatoka mzima. Na baadaye waliofanya shauri hilo wakapelekwa Mombasa kuhukumiwa.

Kisa hiki kimeandikwa vizuri, nami nausadiki ushujaa wake. Hata hivyo kisome kama hakimu asomavyo ushahidi wa upande mmoja. Kati ya rupia 12 na rupia 45 pana pengo kubwa, na mtu aliyevuka bahari na kuacha watoto nyumbani aweza kulirukia pengo hilo kwa uongo. Je, uongo huo ni uvivu tu, kama mwandishi anavyotaka tuamini? Sisemi waashi wa bandia walikuwa na haki. Nasema kitabu hakiwapi nafasi ya kufungua kinywa. Vivyo hivyo katika sura ya kumi na moja, anapowaelezea Waswahili na makabila mengine: anawaeleza kwa jumla, kabila baada ya kabila, kama mtu ahesabuye aina za miti, na ukimaliza kuisoma hujui jina la mtu. Na katika sura ya 26, anapofika Nairobi na tauni ikaingia katika soko la Wahindi, anatuambia bila haya ya kwamba aliwapa wakazi muda wa saa moja waondoke, kisha akalichoma moto soko zima. Pengine tauni ilidai hivyo. Lakini mtu aliyetumia kurasa nzima kueleza jinsi alivyomvizia kifaru asiyempata angaliweza kututolea ukurasa mmoja juu ya wale waliosimama na matandiko yao wakiangalia moshi.

Maisha yake baada ya hapo hayana daraja. Alipigana vita vya Afrika Kusini. Alirudi kwetu mwaka 1907 kuwa msimamizi wa wanyama wa pori, akaondoka 1909. Katika Vita Kuu ya kwanza aliongoza kikosi cha Wayahudi cha nyumbu kule Gallipoli mwaka 1915, na kisha askari wa Kiyahudi katika Palestina. Aliandika vitabu vingine vitatu, kimoja cha nyika na viwili vya vita. Akafa California mwaka 1947. Kwa hiyo ukiniuliza kazi ya mhandisi Patterson ilikuwaje, nitakujibu ya kwamba katika fahari yake ilidumu muda usiotimia mwaka mmoja kamili, kando ya mto mmoja, na ilikuwa njema. Sinema zilizokuja baadaye zilimaliza kulizika daraja. Ile ya mwaka 1952, Bwana Devil, ilitengenezwa ili simba waonekane wakiwarukia watazamaji vitini. Na ile ya 1996, The Ghost and the Darkness, iliwapa simba manyoya ya shingo ambayo hawakuwa nayo na kumzulia mwindaji wa Kimarekani ambaye hakuwako. Daraja liko humo, lakini ni kama meza katika mchezo wa kuigiza.

Mara nyingine mimi hutoka na wanachuo wangu, watakaokuwa walimu, tukatembea kutoka mjini Kakamega mpaka mto Isiukhu. Nikifika darajani huwauliza: nani alijenga hapa? Hujibu: serikali. Huuliza tena: serikali ina mikono mingapi? Hucheka. Kisha huwakumbusha ya kwamba chini ya miguu yetu, upande wa Rosterman, iko njia iliyochimbwa ardhini wakati wa dhahabu, iliyopatikana katika nchi yetu mwaka 1931, hata mgodi ulipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mahandaki hayo yalikatwa na watu wa hapa hapa, na wako wanachuo wenye babu zao waliotoka humo na kikohozi. Mgodi unajulikana kwa jina la Rosterman. Mwanachuo mmoja aliniambia ya kwamba nyanya yake angali anakumbuka majina ya wachimbaji kumi na wawili wa kijiji chao, mmoja mmoja, na aliyekufa kwa kuporomokewa. Nilimwambia ayaandike kesho asubuhi kabla ya gwaride, na nikiri kwamba nilisema kwa ukali kuliko ilivyostahili.

Nimesema kitabu cha Patterson kina sauti moja tu. Sikusema kweli kamili, nami yanipasa kujisahihisha. Simba walipokwisha kuuawa, wasimamizi, makarani na makuli walichanga fedha wakamnunulia Patterson bakuli la fedha lenye maandiko ya shukrani, la tarehe 30 Januari 1899; yeye mwenyewe anasema ni tuzo aliyoithamini kuliko zote. Pamoja na bakuli alipewa shairi refu la Kihindustani, na tafsiri yake imewekwa katika nyongeza, mwisho kabisa wa kitabu, mahali ambapo wasomaji wengi hawafiki. Mtunzi alikuwa Roshan, mistari, mmoja wa mafundi wa kazi. Ni shairi la sifa, na kama yalivyo mashairi ya sifa, linasema yale ambayo msifiwa hupenda kuyasikia. Lakini limetoka upande wa pili wa boma la miiba. Mtu huyu alijua nani alilala hema gani. Alijua nani alilipwa 45 na nani 12, nani aliyekuwa mwashi wa kweli, nani aliyelala juu ya reli Desemba na nani aliyebaki kuyapanga mataruma. Yeye alikuwa na kalamu, na Kihindustani chake kilikuwa na ufasaha wa kutosha kutunga. Sura zote za kuwinda zilizokuja baada ya daraja ningalizitoa kwa moyo mweupe ili nipate kurasa kumi za daftari lake.